Funguo Mbili za Mlango Mmoja

Wakenya wa umri wa makamo hawajasahau jinsi habari zilivyotafutwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa chama kimoja. Redio ilipunguzwa sauti, dirisha likafungwa, na mkono ukazungusha kitufe polepole kwenye masafa mafupi hadi London isikike. Tarehe 7 Julai 1990 askari walipowatawanya watu Kamukunji kwa virungu na risasi, yuko mkazi wa mitaa ya jirani aliyesikia milio kwa masikio yake mwenyewe, na bado ikambidi asubiri jioni aelezwe na mtangazaji aliye Uingereza ni nini kilichotukia hatua chache kutoka mlangoni pake. Sauti ya taifa, ambayo yeye aliigharimia kwa kodi yake, ilikuwa ikisoma safari za Rais na salamu za wajumbe waliomtembelea.

Twauliza: iliwezekanaje habari ya Nairobi ifunge safari hadi Ulaya ndipo irudi Nairobi?

Swali hili lina majibu mawili ya kawaida. Wako wasemao kwamba mataifa tajiri yamehodhi nyaya, mitambo na mashirika ya habari, hata sisi hatuwezi kujuana ila kwa hisani yao. Wako wengine wasemao kwamba kosa ni la watawala wetu waliotuziba midomo, na kwamba wageni walitusaidia tu. Kila upande unatamka nusu ya kweli na kuificha nusu ya pili. Sisi tunaoshughulika na mageuzi tunasema kwamba mlango wa habari zetu una funguo mbili, moja ng'ambo na moja ikulu, na kwamba wenye funguo hizo, ijapokuwa hugombana hadharani, mara nyingi wamefungua na kufunga kwa kupatana. Aliyebaki kizingitini ni mwananchi.

Na tuanze na ufunguo wa ng'ambo, maana ndio mkongwe. Mwaka 1870 mashirika matatu, Reuters la London, Havas la Paris na Wolff la Berlin, yalitia saini mkataba wa kugawana dunia. Reuters likajitwalia milki za Waingereza na sehemu kubwa ya Mashariki ya Mbali; Havas likapata milki za Wafaransa na nchi za Kilatini; Wolff likakabidhiwa Ujerumani, nchi za Skandinavia na Urusi. Hakuna shirika lililoruhusiwa kuuza habari katika shamba la mwenzake. Msomaji azingatie tarehe hiyo. Mkutano wa Berlin, ambapo mabwana wa Ulaya waliketi kuweka kanuni za kuigawana Afrika, ulianza Novemba 1884. Habari zetu ziligawanywa miaka 14 kabla ya ardhi yetu.

Wale wanaodhani kwamba malalamiko juu ya jambo hili ni wivu wa maskini wangefanya vyema kusoma historia ya Wamarekani. Kent Cooper, aliyekuwa meneja mkuu wa shirika la Associated Press, alipigana kwa miaka mingi kuuvunja mkataba huo, akafaulu mwaka 1934, na mwaka 1942 akatoa kitabu kizima kuhusu vita hivyo. Manung'uniko yake yalikuwa kwamba Reuters liliitangaza Marekani kwa ulimwengu kama nchi ya Wahindi Wekundu wanaofanya ghasia na ya watu wanaonyongwa na makundi huko kusini, na kwamba mema ya nchi yake hayakupata nafasi. Je, si hayohayo ambayo Mwafrika ameyasema tangu uhuru, kwamba yeye hutajwa tu anapokufa kwa njaa au kwa panga? Lakini Mwafrika alipoyasema, warithi wa Bwana Cooper walimjibu kwamba anapinga uhuru wa habari.

Mkutano ambamo jibu hilo lilianza kutolewa kwa sauti kubwa ulifanyika hapahapa kwetu. Mwezi wa Oktoba na Novemba 1976, UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, lilifanya Mkutano Mkuu katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, mkutano wake mkuu wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal. Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote zilikuwa zimekwisha kuanzisha ushirika wao wa kubadilishana habari tangu 1975, na sasa zilidai mpangilio mpya wa habari duniani. Mezani paliwekwa rasimu ya tamko iliyoungwa mkono na Urusi ya Kisovieti, na ndani yake kifungu cha 12 kilisema kwamba dola ndizo zenye kuwajibika kwa kazi za vyombo vya habari vilivyo chini ya mamlaka yao katika uwanja wa kimataifa.

Mataifa ya Magharibi yalikipinga kifungu hicho kwa nguvu, na rasimu ikaahirishwa. Twasema wazi kwamba walikuwa na haki ya kukipinga, ingawa sababu zao hazikuwa zetu. Dola likiwajibika kwa gazeti, basi litalisimamia gazeti. Na hapa Kenya tulijua maana ya kusimamiwa. Mwaka mmoja na nusu kabla ya wajumbe kuketi katika jumba lile, Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki aliuawa na maiti yake ikatupwa Ngong. Siku ambazo familia yake ilikuwa ikimtafuta, gazeti moja la hapa lilitangaza kwamba yuko Zambia. Agosti mwaka huohuo, Sunday Times la London likachapisha makala mfululizo kuhusu mauaji hayo na kuhusu utajiri wa jamaa za watawala, na nakala zikapitishwa hapa kwa siri mkono kwa mkono. Mjumbe wa serikali kama hiyo angewezaje kusimama mbele ya ulimwengu adai kwamba watu wake wapewe sauti? Alichodai ni kwamba yeye apewe sauti kwa niaba yao.

Baada ya Nairobi iliundwa tume ya watu 16 chini ya Seán MacBride wa Ireland, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1974. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez. Ripoti yao ya 1980, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sauti Nyingi, Dunia Moja, haikuwa ya upande mmoja kama wanavyodhani wengi ambao hawakuisoma. Ililaumu habari kuhodhiwa na makampuni machache, na ikalaumu vilevile serikali zinazochuja habari. Ilitaka waandishi wafikie vyanzo rasmi na visivyo rasmi, na maoni ya aina zote yaliyomo katika nchi. Naam, kila upande ukachukua kurasa zilizoupendeza. Watawala wetu walisoma habari za makampuni wakaruka habari za wachujaji. Washington na London zikafanya kinyume chake. Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, ikaondoka na robo ya bajeti yake, na Uingereza ikafuata mwaka 1985. (Uingereza ilirudi 1997. Marekani ilirudi 2003, ikajitoa 2018, ikarudi 2023, na Julai 2025 ikatangaza kuondoka tena.)

Mwaka uleule wa 1984 ulitupa mfano wa funguo zote mbili kufanya kazi kwa pamoja, na kipimo chake kilikuwa roho za watu. Njaa ilikuwa imekwisha kuenea kaskazini mwa Ethiopia. Serikali ya Mengistu Haile Mariam haikutaka isemwe, kwa kuwa Septemba ilikuwa ikisherehekea miaka kumi ya mapinduzi kwa gwaride na mapambo katika Addis Ababa. Maonyo yaliyoandikwa na idara yake yenyewe ya misaada yalifika ofisi za Ulaya na Marekani, yakapokewa kama karatasi nyinginezo. Hata tarehe 23 Oktoba BBC ilipoonyesha picha za Korem, ndipo ulimwengu ukaamka na fedha zikamiminika. Sauti ilikuwa ya Michael Buerk, Mwingereza. Jicho, lakini, lilikuwa la Mohamed Amin, mwana wa Nairobi, aliyejua njia za kupita na milango ya kubisha. Mkenya aliona, lakini hakukuwako na kituo hata kimoja cha Kiafrika ambacho kwacho Mkenya huyo angeweza kuionyesha Afrika alichokiona, nayo Afrika ikatikisika kabla ya London. Wale waliokufa kati ya Septemba na Oktoba walikufa kati ya serikali iliyoficha na ulimwengu ambao haukuwa umepewa picha.

Kuna watakaosema kwamba dawa ilikwisha kupatikana: mwaka 1979 nchi huru za Afrika ziliunda shirika lao la habari, PANA, nalo likaanza kazi Dakar mwaka 1983. Kwa bahati mbaya, habari zake lilizipata kutoka kwa mashirika ya serikali, na kila serikali ikaleta hotuba za mkubwa wake. Mhariri wa Lusaka alipata alichosema waziri wa Lomé, na wa Lomé akapata alichosema waziri wa Lusaka. Tusishangae kwamba wasomaji walisinzia na wanachama wakaacha kulipa ada.

Lakini tusidhani kwamba wenye funguo hukutana kwa bahati tu. Hapa kwetu waliwahi kuandikiana mkataba. Mwishoni mwa miaka ya themanini chama cha KANU, kilichokuwa na gazeti lake la Kenya Times, kiliingia ubia na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa London. Huyu ndiye mtu ambaye, kwa hoja za mikutano ya kimataifa, alikuwa adui: bepari wa habari, mwenye mitambo katika mabara kadhaa. Na hawa ndio waliojiita walinzi wa utu wa Mwafrika dhidi ya watu wa namna yake. Wakakaa meza moja bila taabu yoyote. Kutoka katika ubia huo ukatokea mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya Rais, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 200.

Aliyesimama mbele yao ni Wangari Maathai. Mwaka 1989 aliandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo, na kwa malipo yake alitukanwa Bungeni, akakumbushwa na mkuu wa nchi kwamba mwanamke wa Kiafrika hunyamaza, na chama chake cha Green Belt kikafukuzwa katika ofisi za serikali. Redio ya taifa haikumpa nafasi ya kujibu. Magazeti ya nje yalimpa, nao wenye fedha wakaanza kusitasita, na mwishowe mpango ukaachwa. Maxwell alifariki Novemba 1991, mwezi uleule ambao wafadhili walikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa serikali. Na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa katika Katiba. Bustani ingalipo, na watu hupumzika humo.

Kisa hiki chatufundisha kwamba vyombo vya ng'ambo vilitufaa, nasi hatutakuwa watovu wa shukrani. Lakini tukubali pia kwamba msaada wao ulikuja pale ambapo habari yetu iliwavutia wasomaji wao. Wakulima walionyimwa malipo ya kahawa yao, wafanyakazi wa mashamba ya chai, familia zilizochomewa nyumba Molo na Burnt Forest mwaka 1992: hawa walipata dakika chache, nao wakasahauliwa. Wakati huohuo, kituo cha KTN, kilichozinduliwa mwaka 1990 na haohao wa Kenya Times, kilikuwa kikirusha matangazo ya CNN, hata mwenye televisheni mjini Nairobi aliijua mitaa ya Baghdad katika vita vya Ghuba vya 1991 kuliko alivyoijua Garissa.

Makanisa yetu yanalijua jambo hili kwa uchungu wake. Katika miaka ya sitini Wakristo wa Kenya walikuwa na magazeti yao, Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili, na Henry Okullu, aliyekuja kuwa askofu, aliwahi kuwa mhariri wa Target. Kutoka Addis Ababa Walutheri walirusha Sauti ya Injili kuanzia 1963, na studio yao ya Moshi ikaandaa vipindi kwa Kiswahili. Machi 1977 wanajeshi wa Ethiopia wakaitwaa mitambo, na redio ya Injili ikawa redio ya mapinduzi. Kisha likawako jarida la Beyond la Baraza la Makanisa. Mwaka 1988 lilieleza wizi wa uchaguzi wa mlolongo, likapigwa marufuku, na mhariri wake akahukumiwa kifungo kwa eti kutowasilisha hesabu za nakala zilizouzwa. Fedha za magazeti na redio hizi zilitoka kwa sehemu kubwa kwa ndugu wa ng'ambo. Ndugu walipobadili mipango, au serikali ilipokunja uso, hapakuwa na waumini wa kutosha waliozoea kulipia habari zao wenyewe. Tunawatolea sadaka maskini na jengo la kanisa. Ukweli tumeuachia wafadhili.

Wako vijana watakaotuambia kwamba haya ni ya kale, kwamba leo kila mtu ana simu mfukoni na ni mwandishi wa habari. Tunawapenda kwa imani hiyo, lakini hebu watazame nani mwenye nyumba. Wakenya walioajiriwa Nairobi kuchuja picha za mauaji na matusi ya Facebook, ili sisi wengine tusiyaone, walikuwa wakilipwa, baadhi yao, kama dola moja na nusu kwa saa, kwa mujibu wa jarida la Time la Februari 2022. Kanuni walizozitumia kuamua kipi kibaki na kipi kifutwe hazikuandikwa Nairobi. Habari ya Tigray na ya Kakamega hupitia katika kanuni hizo. Mkataba wa 1870 angalau ulitiwa saini na mashirika matatu. Sasa mmoja anatosha.

Na hisani ya masafa mafupi nayo imeonyesha ilivyo. Machi 2025, kwa amri ya Rais wa Marekani, watumishi zaidi ya 1,000 wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyinginezo. Hakuna msikilizaji wa Kigoma wala wa Bukavu aliyeulizwa. Mwezi uliofuata BBC ikatoa filamu ya Blood Parliament, iliyowatambua askari waliowafyatulia risasi waandamanaji nje ya Bunge letu tarehe 25 Juni 2024. Onyesho lililopangwa Nairobi likafutwa, na watengeneza filamu wanne wa hapa wakakamatwa, ijapokuwa BBC ilisema hawakuhusika. Mwaka mmoja kamili baada ya mauaji hayo, tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vyote viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa. Mahakama Kuu haikukawia kuisimamisha amri hiyo. Hata hivyo msomaji alinganishe: 1975 Sunday Times, 1990 masafa mafupi, 2025 filamu ya London. Katiba ya 2010 imetupa kifungu cha 34 kinachotaka vyombo vya serikali viwe huru kuamua maudhui yao na visipendelee upande. Na bado, damu inapomwagika barabarani mwetu, ushahidi wake twaupokea kutoka kwa mgeni.

Basi yatupasa kutaka nini? Si kwamba serikali ipewe ufunguo wa ng'ambo. Huo ndio uliokuwa udanganyifu wa 1976. Tunataka KBC itoke mikononi mwa ikulu: bodi yake isiteuliwe tena na watawala, bali kwa njia ya wazi itakayowashirikisha wananchi, na hesabu zake zisomwe hadharani. Tunataka masafa yatengwe kwa redio za jamii bila ada za kuwaua. Akina mama wa Mang'elete, Kibwezi, walianzisha redio yao wenyewe, na vijana wa Korogocho wakaanzisha Koch FM ndani ya kontena. Hao wameifikia haki ya habari kwa karibu kuliko tamko lolote la UNESCO. Na tunaomba kila parokia na kila kikundi cha harakati kitenge sehemu ya mchango wake, iwe ndogo namna gani, kwa ajili ya kuandika na kuhifadhi yanayotokea katika eneo lake, kwa tarehe na majina ya mahali, kabla ya mgeni kuja kuuliza.

Kuhusu makampuni ya ng'ambo, mahakama zetu zimekwisha kutangulia mbele ya wanasiasa. Februari 2023 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa hapa na wachujaji wale, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuugeuza uamuzi huo. Aprili 2025 Mahakama Kuu nayo ikasema ina uwezo wa kusikiliza dai la mwana wa profesa wa Kiethiopia aliyeuawa Novemba 2021 baada ya maneno ya chuki dhidi yake kuenezwa katika Facebook. Kampuni ilikuwa imedai kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Wanasheria walio miongoni mwetu wanaombwa kuhudhuria kesi hizi, na makanisa kuwapa wale walalamikaji mahali pa kulala wanapokuja Nairobi.